Fundi Redio na Panya Waliosikia

Fundi redio hakuwa mtu wa kukaa. Alifanya kazi amesimama, alikula amesimama, na chai yake ilipoa kila siku kwa sababu yeye alikuwa njiani kati ya meza na mlango. Mkewe alimtania kwamba sakafu ya nyumba ile itatoboka mapema.

Tangu walipojua kwamba binti yao hasikii, hali ilizidi. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Walimwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Redio sita zilipiga kelele juu ya meza ya baba yake, naye chini ya meza alilala usingizi wa pono.

Siku moja, redio iliyokuwa mezani ilitoa habari. Wanasayansi wamewatibu panya waliozaliwa viziwi, na sasa panya hao wanasikia. Fundi aliingia ndani mbio kumwambia mkewe. Kisha akapiga marufuku ishara za mikono. Aliamini kwamba Kidoti akizoea mikono, masikio yake yatakuwa mavivu, na dawa ikija haitafanya kazi. Barua ya shule ya lugha ya alama, iliyomkaribisha Kidoti, aliisukuma chini ya kopo la skrubu.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," mkewe alisema. Fundi alikuwa ameshatoka nje.

Wiki iliyofuata Kidoti alilia siku mbili. Walimpa maji, akasukuma kikombe. Walimpima homa, hana. Walichungulia masikio na koo. Fundi alimbeba huku na huku mpaka mikono ikafa ganzi. Mtoto alilia tu, na hakuna aliyejua analia nini.

Siku ya pili jirani yao aliingia. Kazi yake ilikuwa kulisha panya na kusafisha vizimba katika maabara ya utafiti ya wanasayansi wale waliotajwa redioni, na mtaa mzima ulimwita Mama Panya. Hakukasirika, kwani ndiyo kazi iliyomlisha. Alimwosha Kidoti miguu. Kisiginoni akakuta kipande cha waya wa redio, chembamba kama unywele, kimezama ndani. Alikitoa kwa kibano. Kilio kikakoma.

"Shemeji," alimwambia fundi, "mtoto huyu angejua ishara moja tu ya 'inauma hapa', mngeuona waya huu tangu jana."

Fundi aliona aibu. Waya ulikuwa wake.

"Lakini panya wanasikia, shemeji. Wewe mwenyewe unawaona."

"Nawaona. Kaa nikueleze."

Hakukaa. Mama Panya akamweleza hivyo hivyo. Jeni ni maelekezo madogo ndani ya mwili, tunayorithi kwa wazazi. Panya wale walirithi jeni mbovu ya kusikia. Wataalamu walichukua kirusi, wakakiondolea uwezo wa kuleta ugonjwa, wakakibebesha jeni nzima, kisha wakakipenyeza ndani ya masikio ya panya wachanga. Wengi walianza kusikia. Si wote.

"Yupo mmoja, nikigonga kizimba wenzake wanaruka, yeye anaendelea kula. Alitibiwa kama wao. Tena uziwi wa kurithi una aina nyingi sana. Spea ya redio hii utaitia kwenye redio yoyote?"

"Haiingii," fundi alikubali.

"Kidoti ana aina gani?"

Hawakuwahi kumpima jeni. Fundi akauliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa umetoka ukoo wa mkewe, maana mjomba wa mkewe alikuwa kiziwi.

"Mara nyingi mtoto hupata jeni mbovu moja kwa baba na moja kwa mama. Wazazi wanasikia kwa sababu kila mmoja anayo nyingine nzima. Hakuna mwenye kosa."

Mkewe aliweka chini beseni la maji aliyooshewa Kidoti, akalia. Tangu ijulikane kwamba Kidoti hasikii, wakwe zake walikuwa wakimnyooshea kidole.

"Na masikio hayawi mavivu kwa sababu ya mikono," Mama Panya aliendelea. "Ubongo wa mtoto unataka lugha sasa, ya sauti au ya alama. Dawa ikija, imkute ana maneno."

Fundi aliliinua kopo la skrubu, akaichukua barua.

Walikwenda hospitali. Kidoti alitolewa damu ya kupima jeni, akapewa na kifaa cha kusikia, kilichomsaidia kidogo. Mara mbili kwa wiki wote watatu walikwenda shule ya lugha ya alama. Fundi alijifunza amesimama nyuma ya darasa.

Ikapita miezi mitatu. Majibu ya damu yalikuwa bado. Asubuhi moja fundi alizunguka meza, akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza amemwekea chai mezani. Kidoti akatambaa kutoka chini ya meza, akamvuta suruali. Fundi akamtazama.

Mtoto aliinua mikono. Polepole, bila kukosea, akamwambia, "Baba, kaa."

Fundi akakaa. Chai ilikuwa bado ya moto.