Bei ya Mchoro wa Akamwani

Nyumba ya Mastura, pale Miembeni mjini Bukoba, haikosi wageni. Ukipita asubuhi utakuta viatu mlangoni. Ukipita jioni, viatu vimeongezeka. Mtu huingia kuomba chumvi, akatoka na habari za mtaa mzima.

Mastura hudarizi vitambaa vya meza. Michoro huibuni mwenyewe. Huchora kwenye karatasi, hushona kitambaa cha kujaribu, kisha huandika rangi za nyuzi na namna ya kushona. Binti yake, Shadya, hupiga picha na kuitangaza mtandaoni. Mteja akilipa kwa simu, anatumiwa mchoro. Anauchapisha steshenari, anaunakili kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, anashona mwenyewe.

Mchoro wake mpya aliuita Akamwani. Ulikuwa na vikapu vidogo vya kahawa ya kutafuna, ile anayopewa mgeni akifika katika nyumba ya Kihaya. Watu waliupenda sana. Bei yake ilikuwa shilingi mia tano.

Mumewe, Burhani, hakuipenda biashara hiyo.

"Mama Shadya," alisema wakati wa chai, "simu inalia kutwa. Bando linanunuliwa. Hela yenyewe siioni. Kuna mwalimu anaitwa Karugendo, anatafuta chumba. Atalipa elfu hamsini kwa mwezi. Nataka kumpa hiki chumba chako cha mbele."

"Mimi nitachorea wapi?"

"Kule tunakolala."

"Kule kuna giza, Baba Shadya! Nitachora ndizi, watu waone samaki."

Burhani alicheka, lakini hakubadili neno. "Mwisho wa mwezi ujao. Chumba kikijilipia, kaa. Kisipojilipia, mwalimu anaingia."

Siku hiyo Mastura alikwenda kununua uzi dukani kwa Padma. Padma alizaliwa Bukoba, na baba yake pia. Kihaya chake kinawashinda watoto wengi wa mjini. Watu humwita Mama Dhaval.

"Mama Shadya, waitu, umenimalizia uzi wa kahawia!" Padma alimpokea, akitia neno lake la heshima la Kihaya.

"Mimi? Nilichukua vibunda viwili tu."

"Si wewe, ni mchoro wako. Nuriat wa Muleba alikuja juzi akabeba boksi zima. Anashona vitambaa vya harusi, vyote Akamwani. Kimoja anauza elfu arobaini."

Mastura alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Mawe! Mama yangu! Mchoro alinunua mia tano. Na alivyoniuliza maswali, bando langu liliisha likimjibu yeye."

Padma aliacha kupima kitambaa. "Mia tano ni bei ya nini?"

"Ya karatasi na kuchapisha. Mama Dhaval, mtaani kwetu mtu akipenda mchoro wako, unampa. Anarudisha hela ya karatasi, basi. Kumdai zaidi ni kama kumdai mgeni akamwani."

"Jirani, sawa. Jirani anakuletea ndizi, anakushikia mtoto. Huyo mteja wa Dar es Salaam amekuletea ndizi gani?"

Mastura alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Tena mmoja aliniuliza, 'Dada, mbona rahisi hivyo, umeiba wapi?'"

"Umeona? Bei ya kutupa inaharibu hata jina lako. Fundi wa kutwa hapa mjini analipwa ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

"Akamwani ulichukua siku ngapi?"

"Sita, pamoja na kile nilichokosea nikafumua."

"Hiyo ni elfu tisini. Kitambaa na nyuzi za kujaribu?"

"Elfu kumi na nane. Na bando la kutangaza, elfu kumi na mbili."

"Jumla laki moja na ishirini. Mchoro wako uliopita walinunua wangapi?"

"Kama thelathini hivi."

"Gawanya sasa."

"Elfu nne kila mmoja," Mastura alisema taratibu.

"Hapo umerudisha gharama na jasho tu. Ongeza elfu moja, ya makato ya simu na ya kuanzia mchoro ujao. Elfu tano. Halafu tazama wenzako mtandaoni wanauzaje, usiwe juu sana wala chini sana."

"Na kwa mia tano, watu thelathini..." Mastura alihesabu tena. "Elfu kumi na tano! Siku moja ya fundi, na mimi nimefanya sita!"

"Bado Nuriat," Padma alisema. "Anayeshona kimoja cha nyumbani kwake si sawa na anayeshona vya kuuza. Weka bei mbili. Na uziandike wazi kabla mtu hajalipa, asije akasema umemvizia."

Jioni ile Shadya alitazama mtandaoni. Michoro ya namna ile iliuzwa kati ya elfu nne na elfu nane. Basi wakaandika: mchoro kwa matumizi ya nyumbani, elfu tano. Kwa anayeshona vya kuuza, elfu ishirini. Mchoro ni wa Mastura, usiuuze wala kuusambaza.

Simu ilinyamaza siku mbili.

"Vipi, simu imefiwa?" Burhani aliuliza.

Mastura aliendelea kuchora mchoro mpya, wa senene, wale panzi wanaoliwa Bukoba. Mara mbili alimwambia Shadya arudishe bei ya zamani. Mara mbili Shadya alikataa.

Siku ya tatu Nuriat alipiga. "Mastura! Umeota mapembe? Elfu ishirini?"

"Akamwani ulishalipia, shoga, sikudai kitu," Mastura alisema. "Hiyo ni bei ya michoro mipya. Senene ukishona kitambaa kimoja tu, hela yako imerudi."

Nuriat akauliza, "Hao senene wana mabawa au wamenyonyolewa?"

"Wana mabawa."

"Nitumie."

Mwisho wa mwezi ule aliousema, Burhani alikuja na mwalimu Karugendo kuangalia chumba. Wakakuta viatu vimejaa mlangoni. Ndani majirani walikuwa wanashona, kila mmoja na kitambaa chake. Hao Mastura aliwapa michoro bure, kama zamani.

"Kimejilipia?" Burhani aliuliza.

Mastura alimpa simu. Wanunuzi walikuwa wachache kuliko zamani: wanane wa nyumbani, na wawili wa biashara. Elfu themanini. Ukitoa bando na makato, zilibaki elfu sitini na nane.

Burhani alisoma, akasoma tena. Akamgeukia mgeni. "Mwalimu, samahani. Chumba kimeshapata mpangaji."

"Nani?"

"Mke wangu."

"Kwangu kuna chumba," Kemilembe, jirani wa nyumba ya pili, alidakia bila kuinua macho kwenye sindano. "Lakini choo ni cha nje."

Wanawake waliangua kicheko. Mastura alimsogezea mwalimu kiti na kumpa kikapu cha akamwani atafune. Hiyo hakumdai.