Kobe, Tembo na Sauti ya Kunda

Kila asubuhi nilifunga tai yangu mbele ya kioo kidogo, na binti yangu Kunda alisimama pembeni akiniuliza maswali. Kwa nini mbuzi wana ndevu? Mvua inalala wapi? Alikuwa na miaka mitano, na mdomo wake haukujua kupumzika. Mke wangu Ngalula alisema mtoto huyu atakuwa wakili.

Hayo yalikuwa kabla ya Desemba 1961. Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na mwezi ule vita viliingia mjini kwetu Lubumbashi, ambayo wakati huo iliitwa Elisabethville. Kwa siku nyingi tulilala sakafuni, chini ya madirisha. Mimi ndiye niliyempa Kunda amri.

"Ulale chini," nilimwambia. "Hapana kutikisika. Hapana kusema."

Alitii. Mizinga ikanyamaza, soko likafunguliwa, nami nikarudi kwenye ukarani wangu katika ofisi ya gari-moshi. Lakini Kunda hakurudi kusema. Januari ilikuwa inakwisha, na hakuwa ametoa hata neno moja. Mlango ukijibamiza, alianguka kifudifudi.

Nilimbembeleza. Nilimkaripia. Nilimwahidi biskuti. Wapi! Mwishowe nikaamua: Jumamosi tutapanda gari-moshi, nimpeleke Sakania kwa mama yangu, akae huko hata mwaka mzima.

"Papa Kunda," Ngalula aliniambia, macho yamejaa machozi, "mutoto akiwa mugonjwa, unamutoshaka mu mikono ya mama yake?"

Niliogopa kuliko yeye, ila mimi nilikuwa nimevaa tai.

Jumatano nilikwenda kwenye shule ya watoto wadogo. Nilitaka kumwarifu mwalimu wake, Maîtresse Adolphine, kwamba Kunda anaondoka. Nilichungulia dirishani, na nilichokiona kiliniudhi. Hakuna mtoto hata mmoja aliyekaa kwenye benchi! Wote walikuwa wakizunguka, mkono mmoja unaning'inia mbele ya pua, wakikanyaga kwa kishindo na kuimba kwa sauti nzito:

"Tembo anaenda ku muto, pole, pole..."

Sisi tulipokuwa wadogo tulikaa mikono imekunjwa kifuani, na aliyetikisika alichapwa. Nikajisemea, hii ni shule au ni harusi?

Mara lori likalia "pa!" barabarani. Watoto wote wakaanguka chini. Kimya kabisa. Mimi mwenyewe niliinama, siwezi kuficha.

Adolphine hakupiga kelele. Alijilaza kwenye saruji pamoja nao, na nguo yake safi, akaanza kuimba kwa sauti ndogo:

"Kobe, kobe, iko mu nyumba yake,
kichwa ndani, miguu ndani.
Mvua inapita, kobe anaangalia,
kichwa inje, miguu inje, twende!"

Kichwa kimoja kikainuka. Kisha kingine. Kufika kwenye "twende", darasa zima lilikuwa linatambaa na kucheka. Hata Kunda alitambaa. Hakutoa sauti, lakini alitambaa.

Mwaka ule niliona wakubwa wengi wenye vyeo na bunduki. Hakuna aliyenifanya nivue kofia kwa moyo wangu wote, isipokuwa mwanamke yule aliyelala kwenye saruji.

Watoto walipotoka kwenda uwanjani, nilimwuliza, "Maîtresse, ile njo masomo?"

"Njo masomo, Papa Edouard," Adolphine alijibu, akijipangusa vumbi. "Mutoto wa miaka tano hafundake na masikio tu. Anafundaka na mwili muzima. Akiruka sawa chura mara tano, anajua tano. Akitembea sawa tembo, anajua pole-pole iko nini. Na woga pia iko mu mwili. Ukimuambia 'usiogope', haisaidie. Minaanzaka pale mutoto iko. Kama iko chini, tunaanza na kobe. Kisha tunasimama."

"Na Kunda? Ule haimbe."

"Asiimbe. Hatumulazimishe. Aangalie kwanza, afanye na miguu. Sauti itakuya nyuma." Akanitazama. "Lakini nani alimukataza kusema?"

Nikaangalia viatu vyangu. "Ni miye."

Hakunicheka. "Basi ni weye utamufungulia. Leo ukifika kwenu, ushuke chini naye. Weye uchague nyama moja, sawa tembo ao chura, kisha yeye achague yake. Kila siku kidogo tu. Na mumalize na nyama ya kimya, sawa kobe, mutoto apumuzike."

"Miye? Karani?"

"Tai unaweza kuitosha, papa."

Jioni ile niliivua tai, nikapiga magoti sakafuni. Ngalula aliacha kukoroga bukari, ugali wetu wa jioni.

"Papa Kunda, unaanguka?"

"Niko tembo."

Aliziba mdomo kwa kitenge chake. Nilizunguka meza, nikaimba vibaya, nikagonga kichwa kwenye kiti. Kunda alikaa ukutani akinitazama. Tulimaliza na kobe, tumelala kimya wote wawili. Alhamisi alitambaa nyuma yangu. Nilitaka kumwambia, "Sema!" Nikaung'ata ulimi.

Ijumaa nilipata furaha ya kupita kiasi. Nilizunguka meza mbio, mkono unapepea mbele ya pua.

"Papa," sauti ya mikwaruzo ilisema nyuma yangu. "Tembo haikimbiake vile. Inaendaka pole-pole."

Nilishuka pale pale, mikono na magoti chini. Sikuweza kugeuka, machozi yalikuwa yananidondoka sakafuni. Ngalula alikuja mbio na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Unionyeshe," nilimwambia Kunda.

Akanionyesha. Nilipokosea, alinirudisha nianze upya.

Jumamosi gari-moshi la Sakania lilipiga honi, likaondoka bila sisi. Saa hiyo nilikuwa sakafuni kwangu, na Kunda alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, anasema, anasema, anasema.