Nyayo Zilizopunguzwa

Chiriku alikuwa akipiga deki karakana ya mama yake, kama kila Jumamosi asubuhi, aliposikia hodi. Mlangoni alisimama mwanamume asiyemjua, mkononi kipande cha ngozi kilichotafunwa.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Mbwa wa jirani amekula kiatu cha binti yangu, kile chenye soli nene. Jumatatu anaanza shule mpya, na bila hicho hawezi kutembea. Nimemwacha nyumbani, ni mbali."

"Ondoa shaka," alisema mama, fundi wa viatu vya watu wenye mguu mmoja mfupi. "Vipimo vyake tunavyo tangu nilipomshonea kile. Chiriku, fungua programu."

Programu hiyo aliiunda dada yake Chiriku, mwanafunzi wa chuo, kwa kuunganisha vipande vilivyo tayari, karibu bila kuandika msimbo wowote. Chiriku alimwona dada kama mchawi mwema. Kazi yake yeye ilikuwa kupiga picha karatasi zilizochorwa nyayo za wateja na kuziingiza humo.

Picha ilifunguka. Namba za penseli zilionekana kama sisimizi waliolowa, hazisomeki.

Chiriku alijua sababu. Miezi miwili nyuma, programu ilikuwa imegoma: nafasi imejaa. Badala ya kumwambia dada, alizipunguza ukubwa picha zote mpaka zikaenea, akanyamaza.

"Ni mimi," alisema, akaeleza yote. Kisha akamgeukia mgeni. "Karatasi zenyewe zipo stoo, ila zimechanganyika. Nitakupigia kabla ya saa kumi leo."

Mgeni alimtazama kidogo, akaacha namba yake.

Maboksi yalikuwa manne. Dada alikuja kusaidia, akaketi sakafuni na kompyuta mapajani.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Picha niliziweka ndani ya jedwali la programu kwa kuwa ilikuwa rahisi. Jedwali ni la majina na namba."

"Basi tuziweke kwenye kompyuta hii."

"Ikiharibika je? Na mama akiwa kliniki anapima watu, atazionaje?" Dada alionyesha skrini. "Tutazipa hifadhi yake mtandaoni, yenye nywila. Jedwali libaki na kiungo tu, cha kuonyesha picha iko wapi."

"Kama lebo ya rafu?"

"Hapo umenena! Wengine chuoni iliwachukua wiki kuelewa."

Ilipokaribia saa nane, wenzake walichungulia dirishani wakiwa na jezi.

"We Chiriku! Fainali ya netiboli bila mfungaji? Au umewaogopa?"

Mama alimwambia, "Nenda, nitaendelea mimi."

Chiriku alilitazama vumbi kwenye vidole vyake. "Nimeahidi mimi, mama."

Waliondoka wakimzomea. Boksi la tatu likaisha. Shangwe zilisikika kutoka uwanjani, lakini hakujua ni za nani.

Katika boksi la nne, chini kabisa, unyayo mdogo wa binti yule ulimsubiri, namba zote zikisomeka. Mama alichukua kisu na soli papo hapo.

"Nafasi kujaa si kosa, mwanangu," alisema akikata. "Ungetuambia siku ileile, dada yako angetatua hilo kwa saa moja. Ulichoficha ndicho kilichotupeleka stoo. Lakini leo umesema mbele ya mteja, na hilo wakubwa wengi hatuliwezi."

Saa kumi kasoro dakika tano, Chiriku alishika simu.

"Baba, ni mimi wa karakana. Nimeupata unyayo wa binti yako, na mama ameshaanza kukata soli."