Upepeo wa Madamu Varenne

Tangu Mueni anunue upepeo mkuukuu kwa Mchina muuza vikale karibu na soko la Yide, nywele zake zilinuka poda na marashi yaliyochacha. Edina, aliyekaa naye chumba kimoja mtaani Xiaobei, akamwambia akaoge. Mueni akamtazama juu mpaka chini.

"Mjakazi haniamrishi."

Edina alicheka. Siku ya nne hakucheka tena. Mueni alipita mlangoni kwa ubavu, kama aliyevaa gauni pana, na vitabu hakuvigusa, ilhali Ijumaa ana mtihani wa mwisho. Akiukosa, ufadhili unakatwa na anarudishwa kwao Machakos.

Alhamisi adhuhuri Edina akamwita Khalid, mwanafunzi mwenzao wa Mombasa, aliyefunzwa na babu yake kupunga majini. Akafukiza udi, akauliza kama ilivyo ada: nani wewe, na unataka nini?

"Madamu Varenne," Mueni akajibu kwa sauti ya kizee. "Niliuawa Paris, zama za wafalme. Chokoleti yangu ilitiwa sumu. Ni mume wangu, padri wangu, au mpishi. Nitajieni muuaji, nitoke."

Khalid akampa marashi. Akakataa. Halua, akakataa.

"Nani?"

"Sisi tutajuaje?" Edina akafoka. "Polisi wenu wenyewe walishindwa!"

"Dada, usimfokee," Khalid akanong'ona.

"Saa tatu nzima, Khalid! Kesho mtihani!"

"Nani?" sauti ikauliza, na moshi wa udi ukaacha kupanda ukalala sakafuni, na ule upepeo juu ya meza ukafunguka wenyewe, ubavu baada ya ubavu, na harufu ya poda ikawakaba koo mpaka Edina, aliyekwisha kuchoka na kuogopa na kukasirika kwa pamoja, akapiga kelele:

"Mpishi! Ni mpishi! Haya, toka!"

Khalid akamziba mdomo. "Umefanya nini? Jini hapewi neno usilo na hakika nalo!"

"Ahsanteni," sauti ikasema.

Mueni akaanguka. Alipozinduka aliomba vitabu vyake. Edina akalia kwa furaha. Khalid alipoondoka, Edina akasonga ugali, akakaanga sukuma wiki, akamtengea rafiki yake.

Mueni akashika tonge, akasita.

"Nani kapika?"

"Mimi, nani mwingine? Si mimi napika kila siku?"

Mueni akarudisha tonge sahanini, akainuka taratibu, akaufunga mlango kwa ufunguo.