Mafua Yaleyale, Miili Miwili

Mimi na mdogo wangu wa kike tunashona makochi. Yeye anapima na kukata vitambaa. Mimi napigilia misumari na kupiga soga.

Wiki moja mafua makali yalitupata sote. Siku ya tatu mimi nilirudi kazini. Yeye alikuwa bado kitandani.

"Inuka basi," nilimwambia. "Mafua ni yaleyale. Mbona mimi nimepona?"

"Kaka, kifua kinabana."

"Unadeka."

Nikaenda zangu. Hadi leo neno hilo linanichoma.

Mchana shangazi alikuja kumjulia hali. Alimkuta anahema kwa shida. Hakubishana na mtu, alimpeleka hospitali. Nilipopata habari niliwafuata mbio, gundi mikononi.

Alikuwa amewekewa oksijeni. Muuguzi akauliza, "Kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuzidiwa hivi na mafua?"

"Marehemu kaka yangu, baba yao," shangazi alisema. "Tulikuwa tukimwambia anadeka. Mara ya tatu hakurudi nyumbani."

Nilimgeukia muuguzi. "Lakini dada, sisi ni tumbo moja. Virusi ni vilevile."

"Ni tumbo moja, ila kila mtoto hurithi kivyake. Virusi vikiingia, mwili hupambana navyo. Ni kama majirani wakisikia kelele za mwizi. Kwako wamemfukuza, wakarudi kulala. Kwake wameendelea kupigana hadi wakaharibu nyumba. Nyumba yenyewe ni mapafu, sasa yamevimba."

"Kwa hiyo ni kosa la baba?"

"Si kosa la mtu. Na urithi si sababu pekee. Umri na maradhi mengine huchangia pia. Mtu akihema kwa shida, msimlinganishe na mwingine. Mleteni mapema, na mtuambie habari za ukoo."

Siku ya sita alitoka. Nilimshukuru muuguzi. Nilimshukuru shangazi mpaka akanifukuza. Mdogo wangu nilimwomba radhi.

"Kaka," alisema, "yakija makochi sita, huwa tunapima moja na kukata vitambaa vya yote?"

"Hapana. Kila moja na vipimo vyake."

"Basi."

Mwaka uliofuata mafua yalimrudia. Tulikwenda hospitali siku ya kwanza, nikaeleza habari za baba kabla sijaulizwa. Walimpa dawa na kumfuatilia kwa karibu. Siku ya nne alikuwa kazini na mkasi wake.

Nilijigonga kidole kwa nyundo, nikalalamika.

"Unadeka," alisema.

Nilishukuru kumsikia akilisema neno hilo.