Mstari wa Saba

Haya sikusimuliwa. Nilikuwepo kwa macho yangu, nimeegemea kaunta ya ofisi ya stoo ya baridi, mpakiaji hodari kuliko wote waliowahi kubeba katoni pale. Anayebisha na abishe, ila asinikatize.

Msimamizi wa stoo aliitwa Mama Digrii. Jina hilo alipewa na mumewe, dereva wa lori la baridi, kwa kuwa hata chai ya nyumbani hakuinywa kabla ya kuchovya kidole kupima digrii zake. Siku hiyo mumewe alikuwa njiani na chanjo za watoto. Katikati ya katoni, ndani ya boksi la lori, kulikuwa na vipimajoto sita, vidude vyeupe vya ukubwa wa kiberiti, vinavyotuma hali ya mzigo hewani mpaka kwenye skrini ya Mama Digrii. Mistari sita, yote kwenye nyuzi nne. Safi kabisa.

Saa tano asubuhi ukatokea mstari wa saba.

Hakuna aliyekuwa ametoa kipimajoto cha saba. Na huu haukusoma nne. Ulisoma thelathini na saba.

Mama Digrii akaigonga skrini kwa ukucha, akaizima, akaiwasha. Uko palepale. Akapiga simu, spika wazi.

“Baba Mapacha, umepakia mtu huko nyuma?”

“Mtu kwenye friji? Labda mama yako, ndiye asiyeniacha nipumue.”

“Sitanii. Kuna kitu humo kina joto la mwili.”

Dereva akaanza kupiga mluzi. Mkewe aliujua mluzi ule.

“Umefanya nini?”

“Kilima hiki gari halipandi mashine ya baridi ikiwaka. Nimeizima kidogo tu. Vidude vyako vyote sita ninavyo hapa miguuni, kwenye ndoo ya barafu, visije vikanisemea.”

“Ukaacha boksi halina hata kimoja?”

“Nusu saa tu, Mama Digrii. Usinitangaze.”

“Simama hapohapo. Virudishe. Na simu usikate.”

Tukasikia breki, viatu kwenye kokoto, komeo. Kisha sauti yake ikashuka.

“Kuna harufu. Kama ya shuka ambalo mtu ametoka kulilalia sasa hivi.”

“Toka humo.”

“Katoni zimesogezwa. Kuna nafasi katikati, ya mtu kulala. Nimeigusa. Ina joto.”

“Baba Mapacha, toka!”

“Nyamaza kidogo,” akanong’ona. “Kuna anayepumua, na si mimi.”

Mlango ukajibamiza. Mama Digrii akaita, akaita tena, jina la utani, jina la ndoa, jina ambalo hata mimi sikustahili kulisikia, na huku akiita mstari wa saba ukaanza kushuka, thelathini na tatu, ishirini na nane, kumi na tisa, polepole kama mtu anayezamishwa kwenye maji ya kisima, na ile mistari sita iliyokuwa imelala kwenye barafu ikaanza kupanda yote kwa pamoja, kumi, ishirini, thelathini, kana kwamba kuna mtu amevitoa vile vidude kwenye ndoo akavikumbatia kifuani, mpaka yote sita ikasimama kwenye thelathini na saba na ule wa saba ukatulia kwenye nne.

Saa tisa lori likaingia. Dereva akaruka chini mwepesi, vipimajoto sita vimejaa mfuko wa shati. Tukapima mzigo: nyuzi nne, kila katoni. Niliushusha peke yangu, robo saa.

“Mke wangu,” akasema, akamkumbatia.

Alikuwa na joto zuri. Lakini miaka kumi na miwili ya ndoa, mwanamume yule hakuwahi kumwita Mama Digrii “mke wangu”.

Mama Digrii akajinasua, akatazama skrini. Mstari wa saba bado uko, bado nne, na unatoka kwenye boksi tupu. Akapanda. Ukutani, nyuma ya bati, kitu kiligonga: mbili ndefu, moja fupi, vile mumewe anavyopiga honi akifika nyumbani. Akaweka kiganja. Upande wa pili kikaja kiganja kingine, baridi kama samaki, kikakaa sawasawa na chake.

Mganga akaletwa, mwanamke mfupi mwenye kikohozi. Akampandisha yule mwenye joto ndani ya boksi, akamzungushia vipimajoto sita, akamwambia, “Rudisha ulichovaa.” Yule akacheka, akatoka jasho, akalegea kama nguo iliyovuliwa. Mara dereva akaanguka kutoka ukutani, meno yakigongana, akauliza, “Chanjo ni nzima?” Kwenye skrini mstari wa saba ukafutika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, neno kwa neno. Isipokuwa mganga. Huyo nimemtia mimi, maana nikisimulia bila yeye watu hawalali.

Hakuja mtu. Mama Digrii alikaa ndani ya boksi, kiganja kwenye bati, mpaka simu yake ilipoita. Walikuwa mapacha, wanauliza kama baba amefika. Yule mwenye joto akaja mlangoni, akanyoosha mkono amsaidie kushuka.

Mama Digrii akaupokea.