Kitambaa Kisicho na Kioo

Inspekta Odell Varner alikuwa amepiga magoti chini ya dirisha, akiokota vipande vya kioo kwa kibano na kuvitia kwenye mfuko wa vielelezo. Hakutulia. Kila mara aliinua macho kuitazama meza ndogo iliyokuwa kando yake.

Kituo kile cha hisani kiliwahudumia wanajeshi wa kambi na familia zao: kahawa ya bure, vifurushi vya kupeleka vitani, na chumba ambamo askari alirekodiwa akimsomea mwanawe kitabu kabla ya kusafiri. Usiku dirisha lilivunjwa, rafu zikaangushwa, kamera ikatoweka.

"Wahuni tu," alisema Delbert Stroud, sajini mstaafu aliyejitolea kupika kahawa. Mikono alikuwa ameitia mifukoni. "Watoto wa siku hizi wataiba hata meno ya bandia ya bibi yao."

"Yangu wayaache," alisema Bi Ardith Kolb, msimamizi. Hakucheka. "Odell, ndani ya kamera ile mna sauti ya Lyle."

Koplo Lyle, mwana wa Delbert, aliuawa vitani wiki iliyopita. Kesho mjane wake, Renata, angekuja kuchukua rekodi aliyomwachia binti yao, Josie. Nakala nyingine haikuwepo.

Varner alisimama. "Nani huandaa meza hii?"

Ilikuwa meza ya waliouawa na waliopotea: kitambaa cheupe, ua jekundu, chumvi, glasi iliyofudikizwa. Hakuna aliyeruhusiwa kuketi hapo.

"Mimi," alisema Delbert.

"Leo umeigusa?"

"Bi Kolb alituzuia mlangoni mpaka mfike."

"Kioo kimeanguka kulia, kimeanguka kushoto. Juu ya kitambaa hakuna hata punje."

"Bahati."

"Mhuni angeipiga teke. Huyu aliipangusa kwa kiganja, gizani. Toa mikono, Del."

Delbert aliitoa polepole. Kiganja cha kulia kilikuwa na michubuko mibichi.

"Del!" Bi Kolb alishika mdomo. "Una ufunguo, ukavunja dirisha?"

"Ningetumia ufunguo mngenijua." Alijiketisha juu ya sanduku la vifurushi. "Nilitaka kuondoka. Kisha nikaona vioo vimemwagika juu ya mahali pake. Ningeviachaje?"

"Kamera uliitaka ya nini?" aliuliza Varner.

"Lyle hakutaka jeshi. Alitaka kutengeneza magitaa. Mimi ndiye niliyemwambia asiyevaa magwanda si Stroud. Siku ile alimaliza kitabu, akamwomba Bi Kolb atoke. Nilikuwa mlangoni na kahawa. Nikamsikia akisema 'babu yako', kisha akashusha sauti. Josie akue akisikia kuwa babu ndiye aliyemuua baba yake?"

"Umesikiliza?"

"Niliipakata mpaka kukapambazuka. Kidole kilikataa."

Kamera ilikuwa garini mwa Delbert, imeviringishwa ndani ya blanketi la jeshi. Varner aliifunga kwa lakiri.

"Inspekta," aliita Delbert, "wewe unadhani amesema nini?"

"Si yangu kudhani. Kesho utaandika maelezo kituo cha polisi. Lakini kwanza utakuja hapa, umwambie Renata kwa kinywa chako. Yeye ndiye ataamua nani asikilize."

"Akinifukuza?"

Varner alirudi magotini, vipande vilikuwa bado vingi.

Bi Kolb alipasua sanduku moja, akaliziba dirisha kwa gamba lake gumu la karatasi. Upepo ukalitikisa.

"Shika hapo, Del," alisema. "Lishike tu mpaka kesho."